Vyombo vya Zamani: Kipi Kibaki Nyumbani?

Wakulima wenzangu, mnunuzi wa vyuma chakavu hupita mara kwa mara katika skimu yetu hapa Kinangop, akisukuma mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza. Yeye hanunui cherehani, wala pasi, wala mashine ya maziwa. Hununua kilo. Mwezi uliopita nilirudi kutoka mkutano wa chama cha ushirika nikamkuta mwanangu wa pili amekwisha toa nje cherehani ya marehemu mama yangu, kamba ya mizani imekwisha fungwa, na bei imekwisha kubaliwa. Bei yenyewe isingetosha kununua hata jozi moja ya viatu vya shule.

Nilikasirika, na maneno niliyomwambia kijana hayafai kuandikwa katika gazeti la wakulima. Lakini usiku, nilipokwisha tulia, niliona ya kuwa kosa halikuwa lake lote. Nyumba yetu imejaa vitu vya zamani, na sikuwahi kumweleza mtu yeyote kwa nini hiki kimewekwa na kile hakikutupwa. Naamini si nyumba yangu peke yake iliyo hivyo.

Wazee wetu walianza kuingia katika mashamba haya mwaka 1962, katika mpango ule wa eka milioni moja uliowapa ardhi familia zipatazo 35,000. Wengi waliingia na sufuria mbili na blanketi. Vyombo vya nyumbani walivinunua baadaye, kimoja kimoja, kwa fedha za maziwa na pareto, huku mkopo wa shamba ukiwangoja. Ndiyo sababu hawakutupa kitu. Sisi tumerithi vitu hivyo, tukarithi na ile tabia ya kutotupa, lakini hatukurithi hesabu waliyoifanya kabla ya kununua.

Maoni yangu ni kwamba chombo kizee tukipime kama tunavyompima ng'ombe mzee. Tuulize anakula nini na anatoa nini.

Chukua cherehani ile. Ni Singer ya kukanyaga kwa miguu. Imepigwa chapa ya namba, na kwa namba hiyo mtu aweza kujua mwaka iliotengenezwa. Yetu ilitoka Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekufa lakini mashine inashona. Haili umeme wala mafuta ya taa. Chakula chake ni matone machache ya mafuta ya cherehani, na mkanda wa ngozi unapolegea hukatwa kidogo ukaungwa tena. Sindano za kawaida zinazouzwa madukani leo bado zinaiingia. Mama alishona sare za shule za nusu ya kijiji kwa mashine hiyo, na karo yangu ya sekondari ilitoka hapo. Sasa mtu aniambie ya kwamba thamani yake ni kilo kadhaa za chuma!

Tena nawakumbusha ya kuwa mnunuzi wa chuma si mtu wa kumfungulia ghala bila kufikiri. Mwaka 2022 Serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu kuiba vyuma vya nguzo na nyaya za umeme. Ukimuuzia mtu chuma, umjue, na uuze kilicho chako.

Nyingine ninayoitetea ni ile mashine ya mkono ya kutenga krimu. Wengi wanayo stoo, chini ya magunia. Vijana hawajui ya kuwa mpini wake huzungushwa kama mara 60 kwa dakika, na zile zenye kengele hulia mpaka zishike kasi, kisha zikanyamaza, nawe ndipo unapofungua maziwa. Siku ambayo gari la maziwa limekwama matopeni, na hilo twalijua sote tangu Aprili hadi Juni, mashine hii hukutolea krimu ya siagi na samli, na maziwa yanayobaki ndama na nguruwe hufurahi nayo. Lakini tazama visahani vyake vya ndani. Ikiwa ile rangi ya fedha ya bati imechubuka na kutu imeonekana, usipitishe maziwa humo. Hapo, hata mimi nitakwambia umwite mwenye mizani.

Sasa nije kwenye aibu yangu mwenyewe, nayo ni friji.

Shemeji yangu alipohama Nairobi alituachia friji kubwa, nyeupe, ya miaka mingi, mlango wake wafungwa kwa komeo la chuma kama mlango wa gari. Majirani walikuja kuitazama. Ilifanya kazi, nami nilijisifu ya kuwa vitu vya zamani ni imara, si kama plastiki za siku hizi. Imara ilikuwa. Lakini tokeni za umeme zilianza kwisha kabla ya katikati ya mwezi, na mama watoto alinyamaza kwa muda mrefu kabla hajaniuliza swali. Aliuliza: "Baba, hiyo mashine hulala saa ngapi?"

Nilikaa nayo siku nzima. Haikulala hata kidogo.

Mkulima yeyote aweza kufanya hesabu hii. Mota ya wati 150 ikifanya kazi saa 8 kwa siku na kupumzika saa zilizobaki, kwa mwezi wa siku 30 hula uniti 36. Mota hiyo hiyo isipopumzika hula uniti 108. Friji haipumziki wakati baridi inatoroka, na katika friji nzee hutoroka kwenye ule mpira wa mlango uliokauka na kupasuka. Kujua ni rahisi. Fungia kipande cha karatasi mlangoni kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umekwisha. Wangu ulikuwa umekwisha, na fundi aliniambia mpira wa aina hiyo haupatikani tena. Na hapa Kinangop, ambako sakitu ya Julai huchoma viazi shambani, nilikuwa nikilipa fedha kununua baridi!

Kwa hiyo uimara si neno la mwisho. Chombo chaweza kuwa imara na bado kikawa mwizi.

Mwizi mwingine ni jiko la makaa la bati tupu. Lile lenye kikombe cha udongo ndani, lililoanza kuenea nchini katika miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, huokoa kama thuluthi ya makaa au zaidi. Bado kuna wanaume wanaosema chakula cha jiko la zamani ni kitamu. Nawauliza, nani hununua makaa? Taa ya mafuta nayo niliipumzisha baada ya Septemba 2018, mafuta ya taa yalipowekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli. Taa ndogo ya jua imechukua kazi yake, na watoto hawaamki tena na pua nyeusi.

Pasi ya makaa siipingi, kwa kuwa umeme hukatika na sare ya Jumatatu haingoji. Ila itumiwe nje au barazani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo katika chumba kilichofungwa huua mtu akidhani ana usingizi tu. Usiilete chumbani kwa watoto wakati wa baridi ati ina joto zuri.

Mwanangu na mimi tulipatana. Cherehani imerudi ndani, nasi tumeitia mafuta. Binti yake wa darasa la sita ameanza kushona juu yake, mstari bado unapinda kama njia ya mbuzi. Yeye kijana alitaka kujua kwa nini basi namzuia kuiuza friji, nami nikamjibu ya kuwa ile gesi iliyo ndani ya mabomba yake haifai kuachwa itoke hewani kwa kupigwa nyundo. Lazima fundi wa friji aje aitoe kwanza. Fundi amekuja. Sanduku lenyewe tumelibakiza kwa kuwekea chakula cha kuku, maana panya hawawezi kulitoboa.

Lakini komeo la mlango nililing'oa kwa bisibisi siku ile ile. Mtoto akijificha ndani ya friji ya namna hiyo na mlango ukajifunga, hawezi kuufungua kutoka ndani, na sauti yake haisikiki nje. Wajukuu wanafika kwa likizo Ijumaa.