Jiji Janja, Mtaro Umeziba

Watafsiri wamejaribu “mji mahiri”, wamejaribu “mji erevu”. Mimi nashikilia “jiji janja”. Mjanja ni mtu mwenye akili, sawa, lakini pia ni mtu ambaye akikaa karibu nawe kwenye matatu unashika mfuko. Na hii miji tunayouziwa kwenye mabango na video za kompyuta, zenye miti isiyokauka na watu wasiotoka jasho, ni ya kushikiwa mfuko.

Tuanze na Konza. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua mji huo kwenye ekari 5,000, kilomita sitini na kitu kutoka Nairobi ukishika barabara ya Mombasa. Ulikuwa kati ya miradi mikuu ya Ruwaza ya 2030, na tukaambiwa savana yetu inapata Silicon Valley yake. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo ameshamaliza shule ya msingi. Huko Konza lami iko, mabomba yako chini ya ardhi, kituo cha data cha taifa kiko. Wakazi wa kuujaza mji ndio bado tunawangoja.

Wakazi wenyewe wako wapi? Wako Nairobi. Sensa ya 2019 iliwahesabu 4,397,073. Hawa ndio walionyeshewa na mvua za 2024, mito ikapanda, Mathare na Mukuru zikaingia majini, watu wakafa. Kisha serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga zikafuata maji. Mtu amepoteza godoro kwa mafuriko Jumatatu, Ijumaa anapoteza kuta.

Sasa niambie, ni sensa gani ya kielektroniki iliyokosekana hapo? Muuza mboga yeyote wa Mathare angekuonyesha kwa kidole maji yatapita wapi. Jina lenyewe la Nairobi linatokana na Kimaasai, na maana yake ni maji baridi. Jiji limejengwa juu ya kinamasi na halijawahi kujali mitaro yake. Taarifa tulikuwa nazo, lakini wanaozijua hawaitwi kwenye mkutano.

Angalia pia ni teknolojia gani hufika kwanza. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya mfumo wa mawasiliano na ulinzi wa polisi, na kamera zikafungwa Nairobi na Mombasa. Kamera inakuona ukivuka barabara mbio mbio. Haioni kwamba hapakuwa na mahali pa kuvukia. Vifaa vya kutuangalia hupata bajeti haraka. Choo cha umma hungoja mfadhili.

Najua jibu litakalokuja. Eti Nairobi imejaa, vijana wanataka kazi za teknolojia, lazima tuanze upya mahali pengine. Kazi tunazitaka, hakuna anayebisha. Lakini mji mpya una fundi, una askari wa geti, una mama wa chapati, una mfagizi wa hicho kituo cha data. Hao watalala wapi? Kama ramani haikuwawekea nyumba wanazoweza kulipia, watajenga mabati nje ya ua, na miaka kumi baadaye tutawaita wavamizi. Nairobi yenyewe ilianza hivyo. Reli ilifika 1899, wakoloni wakajitengea vilima vyenye upepo, Mwafrika akahesabiwa kama mgeni wa kupita aliyekuja kufanya kazi. Kibarua walimtaka, makao yake hawakuyapanga. Hilo kosa tunalirudia, safari hii likiwa na Wi-Fi.

Na wala usiseme hakuna njia nyingine. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Wakazi walikaa chini, nyumba kwa nyumba, pamoja na Muungano wa Wanavijiji, wasomi na maafisa wa kaunti, wakasema barabara ipite wapi, maji yaingie vipi, choo kiwe wapi. Walionyesha wazi kwamba mtu anayenunua maji kwa mtungi analipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye mfereji ndani ya nyumba. Kwangu mimi, huo ndio werevu wa jiji. Baadhi ya barabara na mabomba yalianza kufika. Halafu mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga wakabomolewa nyumba kupisha barabara. Mtaa uliokuwa umejipangia mambo ukafagiliwa kama takataka.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, usafi unaostahili na maji safi ya kutosha. Haikusema baada ya intaneti ya kasi.

Kwa hivyo wakija tena na michoro yao, na watakuja, wewe usiulize minara ina ghorofa ngapi. Uliza maji ya mvua yanaenda wapi. Uliza kodi ni ngapi, na mfagizi anaimudu? Uliza data yangu inakaa na nani. Wakishindwa kujibu, waambie wazibue kwanza mtaro wa mtaa wako, kisha ndio mzungumze habari ya Konza.