Uvimbe Utoke, Kizazi Kibaki: Nani Anaamua Mbeya na Iringa?

Mwanamke wa Rungwe au Kilolo anayeambiwa ana uvimbe kwenye kizazi hupewa habari mbili, na mara nyingi huzisikia kama habari moja. Ya kwanza ni kwamba ana fibroidi. Ya pili ni kwamba kizazi itabidi kitolewe. Katikati ya habari hizo pana nafasi kubwa: pana kusubiri, pana dawa, pana upasuaji wa kutoa uvimbe peke yake, na siku hizi pana hata njia ya kuukatia uvimbe damu ili usinyae. Hoja yangu ni kwamba katika Nyanda za Juu Kusini nafasi hiyo hubanwa na mambo ya kawaida kabisa, hasa kuchelewa na upungufu wa damu. Tukiyashughulikia hayo, wanawake wengi wanaotaka kubaki na kizazi watabaki nacho bila kungoja mashine yoyote mpya.

Fibroidi si saratani. Ni misuli ya kizazi iliyoota ikawa bonge, na karibu kila mwanamke anamjua jirani au shangazi aliyekuwa nayo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanawake weusi zaidi ya asilimia 80 huwa wamepata uvimbe huu kabla ya kutimiza miaka 50, na baadhi yao hawakuwa wakijua. Kinachosumbua ni mahali ulipoota na ukubwa wake. Uvimbe mdogo uliochomoza ndani, kwenye ngozi laini ya kizazi, unaweza kumtoa mwanamke damu ya mabonge kila mwezi mpaka aishiwe nguvu, ilhali uvimbe mkubwa uliokaa nje ya ukuta unaweza kukaa miaka bila kumuuma. Uvimbe hulishwa na homoni za uzazi, kwa hiyo hedhi ikikoma nao husinyaa. Mwenye miaka 47 ambaye hedhi yake haimuumizi hana sababu ya kuingia thieta kwa ajili ya picha ya utrasaundi tu.

Niseme pia upande wa pili, kwa sababu ni wa haki. Kuna wanawake ambao kwao kutoa kizazi ni tiba nzuri, na wao wenyewe huitaka. Mama mwenye watoto wake, aliyechoka kufua mashuka kila mwezi, anayeishi mahali ambapo gari hufika kwa shida wakati wa masika, anaweza kuchagua upasuaji mmoja unaomaliza tatizo. Anayetolewa uvimbe tu anaweza kuotwa na mwingine baada ya miaka, akarudi hospitali. Daktari anayemweleza hivyo hamtishi. Na ikiwa vifuko vya mayai vimeachwa, homoni hubaki na uanamke wake hauendi popote, ingawa maneno ya mitaani husema vingine. Ninachopinga ni kizazi kutolewa kwa sababu hakuna aliyeuliza kama mwenye nacho bado anakihitaji.

Upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi si jambo geni wala la kifahari. Mwingereza Victor Bonney, daktari wa wanawake katika Hospitali ya Middlesex jijini London, aliupigania miaka ya 1920 na 1930, wakati wenzake wengi waliona ni kujitafutia taabu. Mke wake alikuwa ametolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi, nao hawakupata watoto. Bonney alibuni kibanio cha kuzuia mishipa inayoleta damu kwenye kizazi wakati wa upasuaji, na kibanio hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Alichokuwa nacho ni mikono mizuri na njia ya kuzuia damu, katika zama ambazo antibiotiki zilikuwa hazijaenea. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, pamoja na jengo lake la wazazi la Meta, ina zaidi ya hivyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa pia, na hospitali za makanisa ambazo watu wa huku wamezitegemea kwa vizazi: Tosamaganga kule Iringa, Ilembula na Ikonda upande wa Njombe.

Kwa nini basi kizazi hutoka? Hapa nitakaa kidogo, maana jibu kubwa ni damu.

Ukuta wa kizazi umejaa mishipa, na kila uvimbe unaochunwa huacha jeraha linalovuja mpaka lishonwe. Daktari anayeanza na mgonjwa mwenye damu ya kutosha ana muda wa kuchuna vivimbe vitano, vinane, kumi. Anayeanza na mgonjwa aliyepungukiwa damu, huku benki ya damu ikiwa na chupa moja ya kundi lake, hana muda huo. Kutoa kizazi kizima kunaweza kuwa kwepesi zaidi na hatari ya kumwaga damu ikawa ndogo. Hapo uamuzi unafanywa na jokofu la damu, na aliyeshika kisu si wa kulaumiwa.

Kanda hii ina kituo chake cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama pale Mbeya, lakini akiba yetu ya damu hutegemea sana wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa, akiba hushuka, na ndugu wa mgonjwa huanza kuambiwa watafute watu wa kuchangia. Mwenye ukoo mkubwa mjini atawapata. Aliyetoka Makete peke yake na begi lake atasubiri.

Jambo hili linaanza mapema zaidi, nyumbani. Mwanamke anayebadilisha pedi kila saa siku ya pili ya hedhi, anayetoka mabonge, anayehisi moyo kwenda mbio akipanda kilima cha kawaida, anapoteza madini ya chuma kila mwezi kwa miaka. Wengi hudhani ndivyo walivyoumbwa, kwa kuwa mama zao walikuwa hivyo hivyo. Na watu wa huku tuna jambo letu la pekee: miji ya Mbeya na Iringa iko kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mwili unaoishi juu hutengeneza hemoglobini zaidi, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hutaka kipimo kisomwe kwa kuzingatia mwinuko, mwongozo ambao liliupitia upya mwaka 2024. Namba ambayo Tanga ingesemekana inatosha, Uyole inaweza kuwa tayari ni upungufu. Sidhani kama kila zahanati inayochoma kidole cha mgonjwa hulikumbuka hilo.

Dawa za kurekebisha hali hii si za ajabu. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo kila mjamzito anavijua, vikinywewa kwa uaminifu miezi miwili au mitatu kabla ya upasuaji, hubadilisha kabisa kinachowezekana thieta. Asidi ya traneksamiki, kidonge cha siku za hedhi nzito tu, hupunguza damu inayotoka. Misoprostoli, dawa ileile ambayo wakunga wetu hutumia kuzuia damu baada ya kujifungua, ikitolewa kabla ya upasuaji wa fibroidi hupunguza damu inayopotea, na mpira wa kufunga shingo ya kizazi kwa muda hufanya kazi iliyofanywa na kibanio cha Bonney. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kuagizwa kwa ndege. Kama ningepewa nafasi ya kumwomba mganga mkuu wa mkoa jambo moja, ningeomba mwanamke yeyote mwenye hedhi nzito apimwe hemoglobini na aanzishiwe dawa siku hiyo hiyo alipofika, kabla hata ya kuandikiwa rufaa.

Homoni nazo zina nafasi yake. Kitanzi chenye homoni hupunguza hedhi sana kwa mwanamke ambaye uvimbe wake haujaharibu umbo la ndani la kizazi. Wapo watakaoruka wakisikia hivyo, kwa sababu imani imeenea kwamba uzazi wa mpango, hasa vijiti na sindano, ndio unaoleta uvimbe. Kwa sindano, tafiti za Thailand na Marekani zimeonyesha kinyume: walioitumia walipatikana na fibroidi kwa uchache zaidi. Hofu hiyo inawanyima wanawake dawa ambayo ingewavusha mpaka hedhi ikome. Si kwamba kila kidonge kipya ni salama. Ulipristali ilishangiliwa Ulaya kama mkombozi wa wenye fibroidi, kisha matumizi yake yakabanwa sana baada ya baadhi ya wagonjwa kuharibika ini, wachache wao kiasi cha kuhitaji kupandikizwa jingine.

Neno hilo la ini liwafikie pia wauzaji wa dawa za kuyeyusha uvimbe wanaojitangaza redioni na kwenye stendi za mabasi. Tiba asili inatambuliwa na sheria tangu mwaka 2002, ina baraza lake, na mwenye dawa anaweza kuisajili. Lakini chupa isiyo na jina la mti wala kipimo, inayoahidi kuyeyusha uvimbe wa ukubwa wa nazi kwa siku chache, inakula kitu cha thamani kuliko fedha: inakula muda. Uvimbe uliokuwa wa kutolewa peke yake mwaka huu unaweza kujaza tumbo baada ya miaka mitatu. Na kuna hatari mbaya zaidi. Si kila damu ni ya fibroidi. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo pia huanza kwa kutoka damu. Kabla ya kujadili kama kizazi kibaki, shingo yake ichunguzwe, hata kwa kipimo cha siki kinachofanyika katika vituo vingi vya afya. Anayetoka damu baada ya hedhi kukoma asikae nyumbani akihesabu siku.

Nakuja kwenye njia inayosifiwa zaidi mijini. Mwaka 1995 Mfaransa Jacques Ravina na wenzake waliripoti kwamba ukipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuziba damu inayolisha uvimbe, uvimbe husinyaa bila tumbo kupasuliwa. Muhimbili ilianza huduma za namna hii, ziitwazo tiba radiolojia, mwaka 2018 kwa kushirikiana na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, na sasa Watanzania wenyewe wanafundishwa hapo hapo. Ni hatua ya kujivunia. Uholanzi waliwafuatilia wanawake waliotibiwa hivyo kwa miaka 10, na takriban theluthi mbili yao hawakuhitaji kutolewa kizazi baadaye. Hata hivyo, Uingereza walipolinganisha njia hiyo na upasuaji wa kutoa uvimbe kwa wanawake 254, matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikuwa na maisha bora zaidi baada ya miaka miwili, ingawa pande zote mbili zilipata nafuu. Kwa anayetaka kuzaa bado, ushahidi wa kuziba mshipa haujakomaa. Ukiongeza kilomita zaidi ya 800 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, malazi, na mtu wa kumsindikiza mgonjwa, ndipo unaona kwa nini siwezi kuifanya iwe dai la kwanza la mwanamke wa huku. Iwe dai la pili, na siku moja ifanyike Mbeya.

Dai la kwanza ni mikono. Tangu mwaka 2024 kambi za Madaktari Bingwa wa Rais Samia zimefika katika hospitali za halmashauri, na nimeona jinsi zinavyowapa watu matumaini. Lakini bingwa anayekaa wiki moja hawezi kumwandaa mgonjwa mwenye upungufu wa damu kwa miezi miwili. Thamani yake ingekuwa kubwa zaidi kama angekuta orodha ya wanawake waliokwisha kuandaliwa, na kama angepasua akiwa na daktari kijana wa wilaya pembeni yake. Mbeya ina chuo cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo ndipo upasuaji wa kutoa uvimbe unapaswa kufundishwa mpaka uwe wa kawaida kama upasuaji wa kujifungua. Na hospitali zitoe hesabu kila mwaka: wangapi walifika wakisema bado wanataka watoto, na wangapi kati yao walitoka na kizazi.

Linabaki suala la nani husema ndiyo. Katika familia nyingi za huku, ndoa isiyo na mtoto huwa na maneno mengi, na maneno hayo humwangukia mke. Mwingine hukubali kutolewa kizazi huku akijua atarudi kwa mashemeji na kuulizwa. Mwingine hukataa tiba yoyote kwa hofu hiyo hiyo, akavuja damu mpaka azimie. Mume ahusishwe, ndiyo. Ni mwenzake, na pengine ndiye atakayetoa damu. Ila mwili ni wa mke, na maelezo apewe yeye kwanza, kabla ya dawa za usingizi, akiwa amekaa na amevaa nguo zake. Aambiwe pia kwamba inaweza kutokea damu ikakataa kukatika, na daktari akalazimika kutoa kizazi ili kuokoa maisha. Hilo likisemwa mapema, familia hailipokei kama usaliti.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga vitita vya huduma wasihesabu upasuaji peke yake. Wahesabu vidonge vya chuma, asidi ya traneksamiki, utrasaundi ya pili, na ufuatiliaji baada ya upasuaji. Uvimbe uliochunwa ndani ya ukuta huacha kovu, na kovu hilo linaweza kuachia wakati wa uchungu. Kwa hiyo mwanamke wa Mufindi anayeruhusiwa kwenda nyumbani na kizazi chake anahitaji karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili wazi: ukuta ulikatwa kiasi gani, asubiri miezi mingapi kabla ya kushika mimba, na kwamba asijifungulie nyumbani wala zahanati, bali hospitali yenye thieta na damu. Aionyeshe kliniki ya wajawazito siku ya kwanza anayofika.