Tiba kwa njia ya mtandao Texas: Mtoto asiwe mkalimani wa mzazi wake

Agosti 2024, Dakta Vivek Murthy, aliyekuwa Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, alitoa waraka wa tahadhari kuhusu hali ya wazazi nchini humo. Waraka huo ulieleza kwamba asilimia 48 ya wazazi husema msongo huwalemea kabisa katika siku nyingi, wakati kwa watu wazima wengine ni asilimia 26.

Takwimu hizo ni za wazazi wote. Sasa mfikirie mzazi aliyetoka Uvira, Kigoma au Mombasa, anayebeba boksi zamu ya usiku, anayelea watoto bila bibi wala shangazi wa kumsaidia, na ambaye simu kutoka nyumbani huleta ama msiba ama ombi la fedha. Wazazi wa namna hiyo ni wengi Dallas, Fort Worth na Houston. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Texas ndilo jimbo lililopokea wakimbizi wengi zaidi, na Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa zaidi la wakimbizi walioingia Marekani. Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha mpango huo, na wapo ambao jamaa zao walibaki kambini.

Hapa ndipo tiba ya kisaikolojia kwa njia ya mtandao inapokuwa na maana. Tangu janga la korona mwaka 2020 huduma hii imeenea sana. Leseni ya mshauri nasaha wa Texas inatumika jimbo zima, kwa hiyo mtaalamu mwenye ofisi Richardson, kaskazini mwa Dallas, anaweza kuzungumza kwa video na mama aliyeko Houston, umbali wa takriban kilomita 400. Mama huyo haombi ruhusa kazini wala hatafuti wa kumwachia mtoto. Hata aibu ya kuonekana kwenye mlango wa "daktari wa vichaa" haipo tena.

Lakini swali linalojitokeza ni hili: je, huduma hii inamfikia mzazi anayeota kwa Kiswahili?

Ni vyema ikaeleweka kwamba sheria huangalia mgonjwa yuko wapi. Mwanasaikolojia aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, hata awe hodari namna gani, kwa kawaida haruhusiwi kumtibu mtu aliyeko Texas bila kibali cha Texas. Hivyo mlango wa karibu zaidi kwa lugha umefungwa, na mzazi anabaki na mtaalamu asiyejua Kiswahili. Anahitajika mkalimani, na katika nyumba nyingi mkalimani yuko tayari sebuleni: mtoto.

Tuchukue mfano wa familia ya kawaida. Mtoto wa miaka 12 ndiye anayesoma barua za shule, anayejibu simu ya mwenye nyumba, anayejaza fomu za hospitali. Kidogo kidogo amri ya nyumba inahama. Mtoto anayemtafsiria baba ripoti yake mwenyewe ya shule anajua la kusema na la kuruka. Baba akigundua anagomba, na akigomba anaambiwa, "Nitapiga 911." Ugomvi huo ndio unaopelekwa kwa mtaalamu, kisha anayekaa katikati kutafsiri ni mtoto yule yule!

Mama naye atasemaje mbele ya bintiye kwamba usiku huamka akilia? Atakachosema ni "Mwambie sijambo tu, mwanangu." Mtaalamu ataandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Na iwapo mama atasema ukweli wote, binti atabeba mzigo usio wa umri wake.

Sheria ya Marekani imeliona jambo hili. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake, kinamtaka mtoa huduma anayepokea fedha za serikali kuu, kwa mfano kupitia Medicaid, atoe mkalimani anayestahili bila malipo. Kumtumia mtoto kunakatazwa isipokuwa katika dharura. Itakumbukwa kwamba Machi 2025 Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani, na baadhi ya watu wakadhani haki hiyo imekwisha. Amri hiyo haikufuta kifungu cha 1557.

Kwa hiyo mkalimani aombwe mapema, siku ya kupanga miadi, na mzazi aseme Kiswahili chake ni cha wapi. Cha Bukavu si sawa na cha Unguja. Mkalimani asiyejua lugha yetu vizuri akisikia "nina mawazo" anaweza kutafsiri kwamba mama huyu ana fikra nyingi. Sisi tunajua alichosema: hali, halali, moyo unamwenda mbio.

Kikwazo kingine ni hofu ya kunyang'anywa watoto. Tuseme ukweli wote. Mazungumzo na mtaalamu ni siri, lakini siri hiyo ina mpaka. Sheria ya Familia ya Texas inamtaka kila mtu mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, awe jirani, mwalimu au mshauri. Sheria hiyo hiyo haimkatazi mzazi kumrudi mtoto kwa kiasi. Kumdhuru ni jambo jingine. Mzazi ana haki ya kuuliza katika kikao cha kwanza: "Ni mambo gani utalazimika kuyaripoti?" Mtaalamu mzuri atajibu bila kuzunguka.

Usiri wa mtandao wenyewe nao haufai kuchukuliwa kirahisi. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka kampuni ya BetterHelp kulipa dola milioni 7.8 kwa madai ya kuzipa Facebook na kampuni nyingine taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo.

Kuhusu gharama, kwa miaka mingi Texas imeongoza Marekani kwa sehemu kubwa ya watu wasio na bima ya afya. Hata hivyo, tangu mwaka 2019 jimbo limeanzisha mpango uitwao TCHATT, unaowapa wanafunzi wa shule zilizojiunga vikao vya afya ya akili kwa video bila familia kulipa. Mzazi aulize shuleni. Kwa wakati wa hatari, namba 988 hupokea simu usiku na mchana bila malipo, na ina huduma ya ukalimani.

Yote hayo ni msaada, lakini si dawa kamili. Zimbabwe imetuonyesha njia. Mwaka 2006 Dakta Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wazee kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuzungumza nao kwa Kishona, kwa maneno ya nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA ulionyesha kwamba dalili za wagonjwa hao zilipungua kuliko za wale waliopata huduma ya kawaida.

Watu wetu wa Dallas na Houston ni hodari wa michango. Mtu akifariki, fedha za kusafirisha maiti hupatikana kwa siku chache. Fedha za namna hiyo, zikichangwa mapema, zinaweza kumsomesha kijana mmoja wetu hadi apate leseni ya ushauri nasaha ya Texas. Siku hiyo mama wa Houston atafungua simu, atasema "nina mawazo", na hatahitaji mtu wa kumtafsiria. Binti yake atakuwa chumba cha pili, akifanya kazi zake za shule.