Nani Kakuruhusu Kuniita "Mura"?

Ukitokea Mara, hapa chuoni una jina moja tu: mura. Haijalishi wewe ni Mkurya wa Tarime, Mngoreme, Mjita au Mwikoma wa Serengeti kama mimi. Taja mkoa tu, ushakuwa mura, na nyuma yake unakuja utani wa panga na hasira za karibu. Hadi dada wa Tarime naye anaitwa mura, jambo ambalo lingemchekesha sana bibi yake.

Neno lenyewe sina ugomvi nalo. Kwetu mura ni kijana wa kiume aliyetoka utotoni. Mzee akikuita hivyo anakutambua, na pengine anataka kukutuma. Mliokua pamoja wakikuita hivyo, maana yake mko sawa. Ila likitoka kwa mtu niliyekutana naye juzi kwenye foleni ya usajili, linasema kitu kimoja: huyu ananijua kabla hajanijua.

Kiswahili kina "wewe" moja kwa watu wote, kwa hiyo mtu anaweza kudhani lugha yetu haina daraja. Thubutu! Mwambie mzee "we, sogea" uone. Daraja tumelihamishia kwenye majina: mzee, mama, anko, shem, dada, mkuu. Bila hayo, "wewe" inabaki uchi.

Wathai wamekwenda mbali zaidi. Mkubwa kwa umri humwita phi, mdogo nong, ndiyo maana kumuuliza umri mtu mliyekutana leo si umbea, usipojua, utamwitaje? Halafu wana ku na mueng, yaani mimi na wewe. Kwa mgeni ni matusi, kwa marafiki walioshibana ni mapenzi. Mura yangu iko hapo hapo: inategemea nani anaisema, na tumetoka wapi pamoja.

Cha ajabu, sisi tunaotupa mura ovyo ni mabingwa wa "Mheshimiwa". Mtu kateuliwa waziri wa mikopo wa serikali ya wanafunzi wiki iliyopita, leo ukimwita kwa jina anakunja uso. Nyerere, mtu wa Butiama, mkoa huohuo wa utani wetu, aliongoza nchi zaidi ya miaka 20 na tukamwita Mwalimu, enzi ambazo viongozi na raia waliitana ndugu. Na mlinzi wa getini anayetufungulia saa sita usiku, mtu wa umri wa baba zetu? Tunamwita "oya". Waziri wa wiki moja ana cheo, baba wa watu hana hata shikamoo.

Mimi jina langu lipo kwenye kitambulisho, anza na hilo. Tukishachangia ugali mara kadhaa, ukanikopesha nauli bumu lilipochelewa, utaniita mura na nitaitika.