Gari Limekufa Kisaka, Bei Yake Inapangwa Wapi?

Noah ya shemeji yangu ilikaa uani kwa polisi majuma saba. Jioni ya ajali ng'ombe alitokea vichakani wakati vumbi la lori lililotangulia halijatulia, na katika kumkwepa, shemeji akaingia mtaroni, gari likabiringika. Yeye alitoka mzima, na hilo tulimshukuru Mungu kabla ya lolote. Gari ndilo lililoumia. Paa lilibonyea hadi kwenye vichwa vya viti, nguzo ya mlango wa kushoto ikapinda, kioo cha mbele kikawa kama utando wa buibui. Ukiinama na tochi ukachungulia chini, unaiona chesisi imejikunja karibu na tairi la mbele. Nilipokwenda mara ya tatu nilikuta kuku wameshafanya kiti cha nyuma mahali pa kutagia.

Shemeji alikuwa na bima kubwa. Wengi wetu huku Kisaka, kwenye mpaka wa Tarime na Serengeti, tunakata bima ndogo, ile ya 118,000 kwa gari binafsi, ili trafiki akitusimamisha asituzuie. Bima ndogo haiangalii gari lako. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, iliyotungwa enzi za mkoloni, iliilazimisha kwa ajili ya watu wengine watakaokufa au kuumia kwa sababu yako. Ukitaka gari lako nalo lilipwe, unakata bima kubwa, na shemeji aliikata kwa thamani ya milioni 18. Kwa hiyo barua ya kampuni ilipofika ikisema gari ni hasara kamili, yaani halifai kutengenezwa, nyumbani palikuwa na ahueni. Ahueni hiyo iliisha kwenye aya ya pili ya barua: thamani ya soko siku ya ajali ni milioni 13, itoe eksesi, yaani sehemu ya hasara anayoibeba mwenye gari, na kama anataka kubaki na mabaki, itoe pia bei ya mabaki.

"Shemeji," aliniuliza, "hii 13 wameitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na nilichokipata kimenifanya niamini kwamba tatizo letu na kampuni za bima halianzi siku ya ajali. Linaanza siku tunapolipa.

Niseme kwanza lililo haki kwa upande wa kampuni. Bima ya mali imejengwa juu ya fidia: anayepata hasara arudishwe pale alipokuwa dakika moja kabla ya hasara, asipungukiwe wala asipate faida. Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ni kikomo cha malipo, si ahadi kwamba kitalipwa chote. Kanuni hii ina maana. Gari la milioni 10 likiweza kulipwa milioni 18 kwa sababu tu mwenyewe alitaja 18, kuna watu wataitafuta mitaro kwa makusudi, na gharama ya magari hayo itaingia kwenye ada ya mwalimu na ya mwenye duka anayeendesha kwa uangalifu. Anayedai kwamba kampuni ilipe kila kiasi kilichotajwa, hata kiwe mara mbili ya bei ya gari, anadai jambo litakalotuumiza sote.

Lakini tazama kanuni hiyo inavyofanya kazi. Tuchukue kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5 kwa gari binafsi. Kwa thamani ya milioni 18, ada ni shilingi 630,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 unatoa 743,400. Kama gari lingeandikwa milioni 13, ada ingekuwa 455,000 kabla ya kodi. Tofauti ya 175,000 imelipwa kwa ajili ya milioni 5 ambazo, kwa hesabu ya kampuni yenyewe, hazikuwa zikilindwa kikamilifu. Ni kweli gari huchakaa kadiri mwaka unavyokwenda, na sehemu ya tofauti hiyo ni uchakavu wa haki. Lakini Noah iliyoingia barabarani Japani miaka mingi kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam imeshamaliza anguko lake kubwa la bei. Haipotezi zaidi ya robo ya thamani kati ya Januari, bima ilipokatwa, na Agosti, gari lilipobiringika. Kama ilikuwa ya milioni 13 mwezi wa nane, basi haikuwa ya milioni 18 mwezi wa kwanza, na aliyepokea ada alikuwa na kila nafasi ya kulisema hilo.

Sasa geuza upande wa pili. Tuseme shemeji, kwa kubana matumizi, angetaja milioni 9 kwa gari la milioni 18. Mikataba mingi ina kifungu cha bima pungufu: ukiwa umekatia nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara. Matengenezo ya milioni 4 yangelipwa milioni 2, na nyingine angezitafuta mwenyewe. Kwa hiyo ukitaja kidogo unakatwa, ukitaja kikubwa hulipwi. Makosa ya pande zote mbili yanamwangukia mtu yuleyule, ambaye kati ya wote waliosaini ndiye asiyejua kuthamini magari. Wakala aliyeijaza fomu ile hakutoka nje kulitazama gari. Aliuliza, "Tuandike ngapi, mzee?" Shemeji akataja alichonunulia, pamoja na usafiri na usajili. Wakala akaandika.

Mtu wa huku anajua kupima thamani. Mnadani, muuzaji na mnunuzi husimama wote mbele ya ng'ombe. Mmoja anamshika nundu, mwingine anamfungua mdomo kutazama meno, wanabishana, na bei inayopatikana ina mashahidi. Hakuna anayekubali bei ya ng'ombe wake ipangwe na mtu aliye mbali aliyeonyeshwa picha nne za simu. Na gari, ambalo kwa familia nyingi ni ng'ombe wengi waliouzwa kwa mara moja, tunakubali lipimwe hivyohivyo.

Hapa ndipo swali la shemeji linapopata uzito. Thamani ya soko, lakini soko la wapi? Magari karibu yote tunayoendesha hushukia Dar es Salaam. Hadi Noah ifike Tarime imekula mafuta, dereva wa kuileta, na faida ya aliyeileta. Mtu aliyepoteza gari Kisaka hawezi kurudishwa alipokuwa kwa bei ya yadi ya Dar, maana kwa fedha hiyo gari analopata liko Dar. Kampuni nayo inaweza kujibu kwa haki kwamba gari lililotembea njia ya Nyamwaga na Nyamongo kwenda Mugumu, kwenye sehemu zake za changarawe na mashimo, limechakaa kuliko la mjini la umri uleule. Hoja zote mbili ni za kweli. Kinachokosekana ni karatasi inayozionyesha: magari matatu au manne ya aina ile na mwaka ule, yaliyokuwa yakiuzwa wapi, kwa bei gani, kisha kiasi gani kimepunguzwa kwa uchakavu na kwa nini. Barua ya shemeji ilikuwa na namba moja tu, haina hata jina la mkadiriaji aliyeitoa.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Uingereza, nchi yenye soko la bima la karne nyingi, msimamizi wa huduma za fedha alilazimika Desemba 2022 kuzionya kampuni zisiwape watu bei iliyo chini ya thamani halisi ya magari yao yaliyoharibika kabisa. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake wa kuamua gari limekufa lini: Texas ni pale gharama ya matengenezo inapofikia asilimia 100 ya thamani, Nevada ni asilimia 65. Mtu anaweza kubishia kiwango, lakini yuko mbele ya kiwango kilichoandikwa, anakijua kabla hajapata ajali. Kwetu mpaka huo umo ndani ya mkataba wa kampuni, na mkataba wenyewe mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kama hakimu anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, sioni kwa nini kifungu cha hasara kamili kisisomeke kwa mtu anayekilipia.

Mabaki nayo yana mambo yake. Tarime kuna mafundi wa kunyoosha bodi ambao kazi yao nimeiona na ninaiheshimu. Gari ambalo kampuni imeliona halifai, kwa sababu imehesabu spea mpya na ufundi wa gereji kubwa, fundi wa huku analirudisha barabarani kwa theluthi ya gharama. Kwa hiyo mwenye gari anapotaka kubaki na mabaki si ujinga, na nadhani anapaswa kupewa nafasi ya kwanza ya kuyachukua, kwa bei aliyoonyeshwa kwa maandishi, kabla hayajauzwa kwa mtu mwingine.

Ila hapa siwezi kuwatetea wenye magari hadi mwisho. Ile chesisi iliyojikunja niliyoiona kwa tochi itanyooshwa kwa moto na jeki, itapakwa rangi nyeusi, na kadi ya gari itaendelea kuonyesha namba ya chesisi, namba ya injini na jina la mmiliki, bila mstari hata mmoja unaosema gari hili liliwahi kufa. Mwakani litapakia wanafunzi. Uingereza, tangu Oktoba 2017, gari lililoandikwa hasara kamili hupewa herufi: A liteketezwe lote, B lichinjwe spea, S limeumia mifupa lakini linaweza kutengenezwa, N mifupa yake ni mizima. Hatuhitaji kuiga herufi zao. Tunahitaji mkaguzi wa magari wa polisi, ambaye tayari analitazama gari baada ya ajali na kujaza fomu ya PF 93, aongeze neno moja linalosema kama mwili wake unaruhusu kubeba watu tena, na neno hilo lifike kwenye kumbukumbu za usajili wa magari za Mamlaka ya Mapato, TRA. Jambo hili kwangu ni zito kuliko malipo yenyewe.

Mtu asiyeridhika ana pa kwenda. Sheria ya Bima Na. 10 ya 2009 ilianzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi ya TIRA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, na ya Msuluhishi iko Dar es Salaam. Kutoka Kisaka, hata Mwanza ni nauli, ni kulala, ni siku mbili bila kazi. Kampuni inalijua hilo inapoweka mbele ya mtu hati ya kukubali malipo. Akishasaini kwamba amepokea malipo kamili na ya mwisho, mlango umefungwa kwa kiasi kikubwa, na mtu mwenye karo za watoto husaini. Ndiyo maana siwezi kuridhika na ushauri kwamba wananchi wajue haki zao. Shemeji alizijua. Alichokosa ni uwezo wa kusubiri.

Dawa ninayoiona ni ya siku ya kulipa ada. Kampuni ilikague gari na kukubali thamani kabla ya kupokea fedha, hata kwa kumtumia fundi au mkaguzi aliye wilayani. Pamoja na thamani hiyo impe mteja jedwali fupi la uchakavu: likiharibika kabisa ndani ya miezi mitatu ni kiasi hiki, miezi sita kiasi hiki, mwaka ukiisha kiasi hiki. Isiruhusiwe kushuka chini ya jedwali lake, isipokuwa ithibitishe udanganyifu. Gharama ya ukaguzi itakuwepo, na ada inaweza kupanda kidogo. Nisingeona shida kuilipa. Tangu stika za bima ziwe za kielektroniki, trafiki anaweza kujua kwa namba ya gari kama bima ni hai. Mfumo unaoweza kumwambia trafiki hivyo unaweza pia kumwambia mwenye gari leo analindwa kwa shilingi ngapi.

Shemeji hakusaini siku alipoletewa hati ile. Aliandika barua kwa Kiswahili akiomba hesabu ya ile milioni 13, akaambatanisha bei za Noah tatu alizoziulizia Tarime na Musoma. Walimjibu kwa kuongeza milioni moja na laki mbili, bado bila hesabu, naye akachukua kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Mabaki alikataa kuyachukua. Mwezi uliopita amepata gari jingine, dogo zaidi, na wakala akaja na fomu. "Tuandike ngapi, mzee?" Shemeji akamwomba aende nje alitazame gari kwanza, kisha aandike pembeni ya fomu kampuni italipa kiasi gani likifa mwezi wa nane. Wakala alilizunguka gari, akafungua boneti, akapiga simu ofisini. Ofisini wakasema watampigia.

Gari limeegeshwa nyumbani tangu siku hiyo.