Dakika tano zilivyobadili biashara ya betri za umeme Australia

SEPTEMBA 28, 2016, dhoruba kali iliangusha minara ya umeme katika jimbo la South Australia na karibu jimbo zima likaingia gizani. Serikali ya jimbo ikaamua kutafuta hifadhi ya umeme, na Desemba 1, 2017 ikazinduliwa betri ya megawati 100 huko Hornsdale, kubwa kuliko zote za aina ya lithiamu duniani wakati huo.

Wengi waliisifu teknolojia. Wawekezaji walikuwa na swali lao: soko litailipa vipi?

Wakati huo, bei ya umeme katika gridi ya mashariki na kusini mwa Australia ilipangwa kila baada ya dakika 5, lakini malipo yalifanywa kwa wastani wa dakika 30. Betri hujibu upungufu wa umeme papo hapo, ilhali mitambo ya gesi huhitaji muda kuwaka. Bei ilipopaa katika dakika 5 za kwanza, aliyewahi kuokoa gridi alilipwa wastani, na aliyechelewa kuwasha mtambo wake akalipwa kwa wastani huo huo.

Kampuni ya Sun Metals, yenye kiwanda cha zinki mjini Townsville, iliomba utaratibu huo ubadilishwe. Novemba 2017 Tume ya Masoko ya Nishati ya Australia iliridhia, na malipo ya kila dakika 5 yakaanza Oktoba 1, 2021. Kuanzia hapo, kasi ikawa na bei yake.

Hata hivyo, kanuni hiyo peke yake haitoshi. Betri hupata faida kwa kununua umeme mchana, jua linaposhusha bei, na kuuza jioni. Kila betri mpya hupandisha bei ya mchana na kushusha ya jioni, hivyo hulipunguza pengo lile lile lililomvuta mwekezaji. Soko la huduma za kulinda uthabiti wa gridi, lililoiingizia Hornsdale fedha nyingi miaka ya mwanzo, nalo ni dogo na hujaa haraka.

Ndiyo maana hata Hornsdale haikuachwa mikononi mwa soko pekee: megawati 70 zilitengwa kwa mkataba na serikali ya jimbo. Desemba 2022 serikali ya shirikisho nayo ilitangaza mpango wa kuweka kima cha chini cha mapato. Yakipungua, serikali hufidia sehemu ya pengo. Yakivuka kiwango cha juu, hugawana ziada na mwekezaji.

Mpango huo huwatuliza wakopeshaji, lakini humbebesha mlipakodi sehemu ya hasara. Kuukosa nako kuna gharama: mitambo ya makaa ya mawe inazeeka, na ikifungwa kabla hifadhi ya kutosha haijajengwa, atakayelipia uhaba wa umeme wa jioni ni mwananchi huyo huyo, safari hii kupitia ankara yake.