*TAARIFA YA TAWI: MIJI YA KUSINI IPANGWE PAMOJA, NALASI ISIACHWE NYUMA*



Vijiweni husikika maneno kwamba Songea inakula kila kitu na Tunduru inatunyima. Sisi viongozi wa tawi tunasema maneno hayo yanatupotosha. Huku Kusini hakuna mji utakaotajirika peke yake.

Tukumbuke tulikotoka. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulileta reli ya Mtwara hadi Nachingwea. Karanga zilipogoma, reli ikakosa mzigo, na miaka ya 1960 ikang'olewa. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969 hadi 1974 uliitaja Mtwara kati ya miji tisa ya kukuzwa, lakini kuifikia kutoka huku masika ilikuwa kulala njiani.

Leo lami inatoka Mtwara, inapita Masasi, Tunduru, Namtumbo, Songea na Mbinga hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Ndio uti wa mgongo wa Ushoroba wa Mtwara, ambao Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilikubaliana mwaka 2004. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa 2010, limetuunganisha na Msumbiji.

Kinachotakiwa sasa ni kugawana kazi. Mtwara ina bandari. Masasi na Tunduru zina korosho na ufuta. Songea ina soko la mahindi na hospitali ya rufaa ya mkoa. Mbinga ina kahawa. Mbamba Bay inatazamana na Malawi. Kila mji ukidai kiwanda kilekile, vyote vitakosa malighafi.

Na sisi je? Lami hiyo haipiti Nalasi. Barabara yetu ni ile ya Mtwara Pachani–Lusewa–Nalasi–Tunduru, takriban kilomita 300. Tupige hesabu ya mfano tu: usafiri wa korosho hadi ghala kuu ukiwa shilingi 60 kwa kilo, mwenye tani moja anakatwa 60,000. Barabara nzuri ikishusha gharama hadi 30, nusu ya fedha hiyo inabaki nyumbani kwake. Kwa wakulima 500 wenye tani moja kila mmoja ni milioni 15 kwa msimu, na zitazunguka madukani hapahapa.

Kwa hiyo msimamo wa tawi ni huu:

1. Barabara hii ihesabiwe kuwa sehemu ya ushoroba. Isichukuliwe kama njia ya vijijini tu.

2. Kiwanda cha kubangua korosho kikijengwa Tunduru mjini, tukiunge mkono, ila korosho ya Nalasi ifike huko kwa gharama nafuu.

3. Kila balozi akusanye stakabadhi za wanachama wake za msimu uliopita zinazoonyesha makato ya usafiri. Tutazijumlisha na kuzipeleka kata, kisha wilaya. Tukienda na malalamiko matupu tutaambiwa tusubiri. Tukienda na hesabu, itabidi tujibiwe kwa hesabu.

Stakabadhi zipigwe picha zisomeke, zitumwe kwa katibu, siyo humu kwenye kundi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na mji mmoja hauinui Kusini.



*Katibu wa Tawi*
*Nalasi*